Njia ya Mwanasaikolojia Haiishii Kwenye Joho

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, vijana wa Kariakoo, Gerezani, Ilala na Upanga huanza kuulizana wakasome nini chuo kikuu. Udaktari, sheria, uhasibu na uhandisi havihitaji maelezo. Kila mzazi anajua kazi hizo ni zipi na zinalipa nini. Lakini siku hizi hutokea pia kijana anayesema kwamba anataka kuwa mwanasaikolojia. Hapo mzazi huduwaa, jirani huuliza kwa kejeli kama kijana huyo anataka kwenda kuishi na vichaa, na mwalimu aliyetegemewa kutoa mwongozo hujikuta naye hana jibu la hakika. Matokeo yake ni kwamba kijana huingia chuoni kwa kubahatisha, na miaka mitatu baadaye hutoka na joho na cheti bila kujua kama yeye sasa ni mwanasaikolojia au la.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuieleza njia hiyo kwa lugha ya wazi, na kusisitiza jambo moja: shahada ya kwanza ni mlango tu wa kuingilia kazi hii. Anayekabidhiwa huzuni na siri za watu hana budi kwenda mbali zaidi ya mlango.

Kwanza yafaa kutenganisha kazi ambazo watu wengi huzichanganya. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili. Husomea udaktari wa binadamu kwa miaka mitano, hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya usimamizi, ndipo hurudi chuoni kubobea katika magonjwa ya akili. Huyo huandika dawa na kulaza wagonjwa. Mwanasaikolojia hakupita njia hiyo wala haandiki dawa. Yeye husoma namna binadamu anavyofikiri, anavyojifunza, anavyokumbuka, anavyoogopa na anavyoishi na wenzake, na hutumia elimu hiyo kupima, kutibu kwa mazungumzo, kufundisha au kushauri. Ofisa ustawi wa jamii hushughulikia familia na mazingira yake: matunzo ya watoto, migogoro ya ndoa, wasiojiweza. Mnasihi naye husikiliza na kuongoza watu wenye matatizo ya kawaida ya maisha. Hawa wote ni ndugu wa nyumba moja, lakini kila mmoja ana chumba chake, na kijana anapaswa kujua anabisha hodi katika chumba kipi.

Saikolojia yenyewe si elimu kongwe. Maabara yake ya kwanza inayotambuliwa na wengi ilianzishwa na Wilhelm Wundt mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Katika nchi hii historia ya chuo kikuu ilianzia hapa hapa mjini, pembezoni mwa Kariakoo. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki kilifunguliwa katika jengo la TANU kwenye mtaa unaojulikana leo kama Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, kilomita kama 13 kutoka katikati ya mji, na mwaka huo huo idara ya elimu ikaanzishwa. Taifa changa lilihitaji walimu wa sekondari kwa haraka, na mwalimu hawezi kufundisha asichokijua juu ya akili ya mtoto. Kwa hiyo saikolojia iliingia Mlimani ikiwa imeshikwa mkono na ualimu.

Asili hiyo ingali inaonekana. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, saikolojia imelelewa hasa katika Shule Kuu ya Elimu, na chuo kimekuwa kikitoa Shahada ya Elimu katika Saikolojia, ambayo huandaa kwanza kabisa wakufunzi wa vyuo vya ualimu. Kijana asiyeelewa historia hiyo hushangaa kukuta kwamba amefuata saikolojia lakini anafundishwa pia mitaala na mbinu za kufundishia. Angeambiwa mapema asingeshangaa, na pengine angeshukuru, kwa sababu darasa ni mahali ambapo tabia ya binadamu huonekana waziwazi kila siku.

Sasa njia yenyewe ikoje? Katika shule za sekondari somo liitwalo saikolojia halifundishwi, hivyo hakuna mchepuo mmoja wa kidato cha tano unaoweza kuitwa mchepuo wa mwanasaikolojia. Mwombaji huhitaji kufaulu masomo mawili ya kidato cha sita kwa kiwango kinachotakiwa, au kuwa na stashahada inayokubalika, na kila programu ina masharti yake. Masharti hayo hutolewa katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, na mwalimu wa kidato cha sita asiyekuwa na mwongozo wa mwaka huo mezani pake anawanyima wanafunzi wake haki yao. Vivyo hivyo kuhusu mkopo: tangu mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikishughulikia maombi, na mtoto wa kuli au wa mama lishe wa Mtaa wa Kongo hana sababu ya kuikata tamaa elimu hiyo kabla ya kuomba.

Mwanafunzi aelezwe pia kwamba saikolojia si porojo za kusoma nyuso za watu. Ndani yake kuna ukuaji wa mtoto, kujifunza na kumbukumbu, haiba, mahusiano ya jamii, kazi za ubongo, upimaji, mbinu za utafiti na takwimu. Anayekimbilia saikolojia kwa sababu anaichukia hisabati atakutana nayo mlangoni. Anayedharau baiolojia atajuta atakapofika kwenye ubongo. Na asiyejua kuandika na kusikiliza Kiswahili sanifu pamoja na Kiswahili cha mitaani hataelewa anachoambiwa na yule atakayeketi mbele yake.

Baada ya shahada ya kwanza njia hugawanyika. Anayetaka kufundisha huenda kwenye vyuo vya ualimu na kuendelea na uzamili wa saikolojia ya elimu. Anayetaka kuwahudumia wagonjwa hulazimika kupata uzamili wa saikolojia tiba, masomo yanayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, mahali ambapo mtu aweza kwenda kwa miguu kutoka Kariakoo. Huko mwanafunzi hukutana na wagonjwa halisi chini ya jicho la wakubwa wake. Hicho ndicho kiini cha kazi yenyewe. Kitabu kinaweza kueleza huzuni ya mjane, lakini hakiwezi kumwonyesha mwanafunzi kwamba alimkatiza mjane huyo kabla hajamaliza kusema. Msimamizi ndiye anayemwonyesha. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kina Shule ya Saikolojia yenye masomo ya ngazi mbalimbali, ikiwamo saikolojia tiba, na wapo wanaoweza kuangalia huko pia. Uzamivu huja mwisho, kwa wale watakaotafiti na kufundisha vyuo vikuu.

Wapo watakaouliza: kwa nini kuhangaika kusomea elimu hiyo Afrika, ilhali vitabu vyake vingi vimeandikwa Ulaya na Marekani? Jibu limo katika utafiti wenyewe. Mwaka 1979 Robert Serpell, aliyefanya kazi Zambia kwa miaka mingi, alitoa matokeo ya kuwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi watoto wa Kiingereza waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutumia kutengeneza magari ya kuchezea, Wazambia waliwapita. Kwa udongo hawakutofautiana. Mpimaji ambaye angebeba kalamu tu angerudi kwao na kutangaza kwamba Mwafrika ni mzito wa akili.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mwaka 2002 Robert Sternberg na wenzake, wakiwamo Watanzania, walichapisha utafiti uliofanywa katika shule za sehemu za Bagamoyo. Watoto walipewa mafumbo ya kupima akili, kisha wakafundishwa kwa muda usiozidi saa moja namna ya kuyaendea, wakapimwa tena. Alama zao zilipanda. Yaani mtihani wa kwanza ulikuwa umepima walichowahi kufundishwa, ukaacha kupima walichoweza kujifunza. Mwalimu aliyezoea kuwaita wanafunzi fulani mbumbumbu na autafakari utafiti huo kabla ya kuingia darasani kesho.

Mahitaji ya wataalamu hawa si ya kufikirika. Kariakoo imepata misiba mikubwa katika miaka ya karibuni. Julai 2021 moto uliunguza soko kuu, lile lililosanifiwa na Beda Amuli, na wafanyabiashara wakaona mtaji wa maisha ukiteketea usiku mmoja. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapo hapo Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Wengine walitolewa hai baada ya kukaa gizani chini ya kifusi. Waokoaji walifika, madaktari walifika, na jambo hilo ni la kupongezwa. Lakini mfupa uliovunjika huonekana kwa picha, na hofu ya mtu anayeshtuka kila asikiapo kishindo haionekani. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mtu wa namna hiyo huweza kukaa miezi akiambiwa ajikaze, mpaka kazi na ndoa vikamshinda.

Wako pia vijana waliozama katika heroini. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waathirika, na huduma hiyo ikaenea katika hospitali nyingine za jiji na mikoani. Dawa humwezesha kijana kusimama; kumsaidia asirudi kijiweni kunahitaji mtu aliyefunzwa kuzungumza naye wiki baada ya wiki. Na katika shule kama Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wenye ulemavu husoma pamoja na wenzao, mwalimu asiyeijua saikolojia ya mtoto hufanya kazi kwa huruma peke yake, na huruma bila maarifa huchoka haraka.

Pale penye haja kubwa na wataalamu wachache, matapeli hawakosekani. Mtu huhudhuria semina ya siku tatu, akachapisha kadi na kuanza kutoza watu fedha kwa jina la mwanasaikolojia. Mteja aliyeambiwa vibaya katika siku yake mbaya huweza kupoteza uhai. Kenya ililiona jambo hilo na mwaka 2014 ikatunga sheria ya wanasihi na wanasaikolojia ili wenye sifa waandikishwe na wasio nazo wajulikane. Hapa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilikuwa hatua muhimu kwa upande wa wagonjwa. Mwananchi naye ana haki ya kuuliza bila kuona haya: umesoma wapi, kwa ngazi gani, na ulisimamiwa na nani?

Watumishi wa umma wana sehemu yao katika suala hili. Kijana hawezi kutumia miaka mitano au sita chuoni kwa kazi ambayo haina nafasi katika ikama. Mwaka 2002 Wizara ya Elimu ilitoa Waraka namba 11 juu ya huduma za ushauri na unasihi mashuleni. Lakini mara nyingi jukumu hilo huangukia kwa mwalimu mwenye vipindi tele, asiye na chumba cha faragha wala mafunzo ya kutosha, na pengine ndiye huyo huyo mshika fimbo wa shule. Mwanafunzi gani atamwendea kumweleza siri yake? Ofisa anayepanga ikama, anayegawa vyumba vya ofisi au anayeidhinisha ruhusa ya masomo anayo nafasi ya kurekebisha jambo hilo bila kungoja amri kutoka juu.

Walimu nao wasijihesabu kuwa watazamaji. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, na mengi yamesemwa juu ya faida na hasara zake. Hata hivyo, kwa elimu hii ya kuwaelewa watu, wazo lake lina uzito. Mwalimu aliyefundisha miaka minane, akawaona watoto wenye njaa, waliofiwa na waliopigwa nyumbani, huingia katika darasa la saikolojia akiwa na maswali ambayo kijana wa miaka ishirini hajayapata. Mwenye stashahada aweza kusoma shahada. Mwenye shahada ya ualimu na aulize masharti ya uzamili. Umri si kikwazo.

Basi, kijana atakapokuja tena na swali lake, asirudishwe kwa kejeli wala kwa sifa za bure. Aambiwe kwamba kazi hiyo ipo na ni ya heshima. Kwamba itampitisha Mlimani au chuo kingine kwa miaka mitatu, na baada ya hapo kuna uzamili, usimamizi na subira. Na kwamba mwisho wa njia hiyo yuko mtu wa Msimbazi au wa Mtaa wa Sikukuu ambaye hajalala usiku wa tatu sasa, anayengoja mwenye ujuzi wa kumsikiliza.