Mizani Moja Iliyozidi



Mtoto wa darasa la tano ameketi na daftari lake. Ameandika: "Mama anakwenda sokoni." Anahesabu kwa vidole: mizani 9. Shairi la tarbia kwa kawaida huwa na mizani 16 katika mshororo, 8 kila kipande. Imezidi moja. Hapo ndipo watoto wengi hufunga daftari na kusema hawana kipawa.

Mwalimu mwenye busara hamtungii mtoto ubeti. Humwuliza: mama alibeba nini, na aliporudi ulisikia nini kwanza? Swali hilo humrudisha mtoto nyumbani kwao, iliko chemchemi ya ilhamu yake. Kisha humwacha ahesabu upya, hata agundue kwamba "Mama aenda sokoni" hutimiza 8, na maana haikupotea.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, alitunga huku akifanya kazi ya ukarani serikalini. Hakungoja wasaa, aliutafuta.

Basi mzazi asiulize alama peke yake. Daftari lenye mistari iliyokatwa si uchafu. Ni ushahidi kwamba mtoto alikwama, akajaribu tena. Jioni aombwe kusoma ubeti wake kwa sauti, na walio nyumbani wahesabu mizani pamoja naye. Ukipungua, asichekwe, apewe siku nyingine. Anayejifunza kuirekebisha mizani moja hujifunza pia kwamba kushindwa mara ya kwanza si mwisho wa jambo.