J.M. Kariuki, Mtoto wa Kabatini

Kabatini si mbali na hapa Lanet. Huko ndiko alizaliwa Josiah Mwangi Kariuki, mwaka 1929, wazazi wake wakiishi kwenye shamba la mzungu.

Mwaka 1953 serikali ya mkoloni ilimkamata. Akakaa kizuizini hadi 1960, miaka saba bila kesi: Manyani, Lodwar, kambi baada ya kambi. Na msidhani alinyamaza. Aliandika barua za siri kuhusu vipigo na hali ya wafungwa, zikatoroshwa nje mpaka Uingereza. Wakubwa wa kambi walipojua, walimpiga. Akaandika tena.

Uhuru ukaja, akawa katibu binafsi wa Kenyatta, na pia mbunge wa Nyandarua. Angetulia tu ale mali, na mali alikuwa nayo, tusimfanye malaika. Lakini aliuliza mbona mashamba ya wazungu yameishia kwa wachache. Alionya Kenya isigeuke nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi.

Tarehe 2 Machi 1975 alionekana Hilton, Nairobi, akiondoka na afisa mkubwa wa polisi. Maiti yake ikapatikana Ngong. Kamati ya Bunge ya Elijah Mwangale ilichunguza, ikataja watu. Waziri Masinde Muliro aliunga mkono ripoti ile, akafutwa kazi. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo hadi leo.

Mkifika nyumbani, muulizeni babu au nyanya alikuwa wapi habari hiyo ilipofika Nakuru.