Kumpokea Mchezaji wa Mara ya Kwanza: Marekebisho ya Kisa cha Lost Mine of Phandelver



Barua ya mwaliko ya kamati ya maandalizi iliniomba nizungumzie "mbinu za jumla za kuwavutia wachezaji wapya". Nitazigusa, kwa heshima ya barua. Sehemu kubwa ya muda niliopewa, hata hivyo, nitaitumia kwenye tukio moja ambalo kwenye kitabu halifiki hata kurasa mbili, na ambalo wengi mliopo hapa mmeshanisikia nikililalamikia.

1. Maelezo ya awali

Mchezo wa uhusika wa mezani tunaujua sote. Mwongozaji anaeleza hali ilivyo, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale penye shaka dadu inaamua. Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974, ndio mama wa michezo ya aina hii. Mchezaji mpya, kwa madhumuni ya mada hii, ni mtu ambaye hajawahi kukaa mezani na dadu mkononi. Aliyetazama wenzake wakicheza kwenye YouTube ana shida zake, ila si za leo.

2. Kisa tunachokitumia

Karibu meza zetu zote za utangulizi hutumia sanduku la Starter Set la mwaka 2014. Ndani yake mna dadu, kijitabu cha kanuni chenye kurasa 32, kitabu cha kisa cha Lost Mine of Phandelver chenye kurasa 64, na wahusika watano waliokwisha kuandaliwa ili mgeni asipoteze jioni nzima akijaza karatasi. Ni kazi nzuri. Mji mdogo wa Phandalin una watu wa kuzungumza nao, una wahuni wa Redbrands wa kupambana nao, na njia za kwenda ni nyingi. Sina ugomvi na kitabu kuanzia hapo mjini na kuendelea.

Ugomvi wangu uko njiani, kabla ya kufika. Wachezaji wanasindikiza mkokoteni wa bidhaa kutoka Neverwinter kwenda Phandalin, kazi waliyopewa na Gundren Rockseeker, ambaye ametangulia na mlinzi wake, Sildar Hallwinter; wote wawili wametekwa njiani, ingawa wachezaji bado hawajui. Wanakuta farasi wawili wamekufa katikati ya njia, wamechomwa mishale yenye manyoya meusi. Vichakani wamejificha goblini wanne, viumbe wadogo wa hadithi.

3. Tatizo lenyewe

Naomba tulitazame tukio hili kama anavyoliona dada aliyekuja leo kwa mara ya kwanza, amechagua karatasi ya mchawi kwa sababu alipenda picha, na bado hajui dadu ipi ni ya pande 20.

Kitabu kinasema wazi kwamba wachezaji hawawezi kuwashtukiza goblini. Goblini ndio wanaoweza kuwashtukiza wao. Mwongozaji anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza 6. Mhusika ambaye umakini wake uko chini ya jumla hiyo ameshtukizwa, na zamu yake ya kwanza hafanyi lolote. Kwa mhusika mwenye umakini wa 12, hilo hutokea mara 14 katika kila mara 20. Kwa hiyo, mara nyingi kuliko sivyo, sentensi ya kwanza ambayo mgeni huyu anaambiwa kuhusu mhusika wake ni kwamba hawezi kufanya kitu. Bado hajasema neno.

Kisha goblini wawili wanamrukia na wawili wanabaki mbali wakipiga mishale. Kila pigo likifika linaondoa pointi kati ya 3 na 8. Mchawi wa ngazi ya kwanza ana pointi 8 za uhai, au karibu na hapo. Mapigo mawili yakimpata, uwezekano wa kudondoka ni 33 kati ya 36, na hapo sijahesabu bahati mbaya ya goblini kupata 20. Kwa mchawi mwenye namba ya kinga 12, kila pigo linafika mara 13 kati ya 20.

Wanaopenda hesabu wafungue kitabu cha mwongozaji cha mwaka 2014. Goblini mmoja ana thamani ya pointi 50; wanne ni 200; na kwa kuwa wako wengi, kanuni inataka jumla izidishwe mara mbili, inakuwa 400. Kwa wachezaji wanne wa ngazi ya kwanza, 400 ndipo kinapoanza kiwango ambacho kitabu hichohicho kinakiita cha kuua. Kwa watano ni kigumu. Meza zetu, kwa ukubwa wa ukumbi tunaopewa, ni za watu wanne.

Najua majibu, nimeyasikia hapa miaka yote. La kwanza ni kwamba kitabu kimejilinda: goblini wakishinda hawaui, wanawaacha wahusika wamezimia, wanapora mkokoteni na kuondoka. Ni kweli, na ni busara ya mwandishi. Lakini mimi silalamikii kifo. Mhusika aliyezimia hafanyi kitu, sawa na aliyeshtukizwa. Mgeni wetu amekaa nusu saa akitazama watu wakirusha dadu kwa niaba yake.

Jibu la pili ni kwamba hofu ndiyo utamu wenyewe. Wanaosema hivyo ni watu wazoefu, na wanakumbuka hofu ya kitu walichokuwa wamekwisha kukielewa. Huwezi kuhofia kupoteza zamu kama hujui zamu ni nini.

La tatu ndilo linalonichosha: ndivyo kitabu kilivyoandikwa. Tena kisa hiki kilipotolewa upya mwaka 2023 ndani ya kitabu kikubwa zaidi, kuviziwa kulibaki palepale. Sawa. Ila mchezo huuhuu ulikwisha kuonyesha njia nyingine mwaka 1983. Katika sanduku jekundu lililohaririwa na Frank Mentzer, mgeni anasoma peke yake: anaingia pangoni, anapigana kidogo, anakutana na kasisi Aleena, wanakaa na kuzungumza, naye anamweleza mambo. Kanuni zinamjia moja moja, kila moja pale anapoihitaji. Aleena anauawa na mchawi Bargle baadaye, wakati msomaji amekwisha kumpenda. Hofu ipo, na kali, lakini imekuja mahali pake.

Kuna madhara mengine ambayo hayamo kwenye hesabu. Mgeni akinyamaza, mchezaji mzoefu aliye jirani naye humnong'oneza: rusha hii, sema unajificha, hapana, usitumie hiyo. Anafanya kwa nia njema. Kufikia pango la Cragmaw, maficho ya goblini hao, mzoefu anacheza wahusika wawili na mgeni anashika karatasi. Hatutaponya tabia hiyo kwa kuwakanya wazoefu, maana tumewakanya na bado. Tukio lenyewe ndilo linaloizaa, kwa kuwa linadai maarifa ambayo mtu mmoja tu mezani anayo.

4. Marekebisho ninayoyapendekeza mezani

Tugeuze upande. Goblini wawili wako kwenye mizoga ya farasi wakipekua mifuko ya matandiko, wamewapa kisogo. Wachezaji ndio wanaowaona kwanza, na mwongozaji anauliza: mnafanya nini? Wanyemelee, wapige mshale, wapige kelele wawafukuze, waende kuzungumza nao, yote yanakubalika. Goblini wa tatu yuko kichakani na kazi yake ni moja, kukimbia, ili aache nyayo za kwenda pangoni. Wa nne hayupo. Mwendelezo wa kisa haupotezi chochote: farasi ni walewale, mishale ni ileile, Gundren bado ametekwa, na Sildar Hallwinter bado anasubiri kuokolewa.

Kabla ya hapo, wakiwa bado kwenye mkokoteni, kila mchezaji aulizwe swali moja lisilohitaji dadu. Umembebea nini Gundren ambacho hukuwaambia wenzako? Nani kati yenu anaendesha ng'ombe wanaokokota mkokoteni? Msimulizi wa hadithi kwetu haanzi kabla wasikilizaji hawajaitikia, na sisi tunaweza kuiga hilo bila gharama yoyote.

5. Mapendekezo

Kwanza, mchezaji mpya aseme jambo lake mwenyewe kabla ya dadu yoyote kurushwa dhidi yake. Likipita hili moja tu leo, nitashukuru.

Pili, dadu ya kwanza iwe ya kutafuta au kusikiliza, ambayo ikikataa haimuumizi mtu.

Tatu, pasiwe na kushtukizwa katika kikao cha kwanza. Natambua kwamba kamati iliona ni mapema kuliweka hili kama kanuni, na sipingi uamuzi huo. Naomba tu liwe ushauri kwa maandishi.

Nne, goblini wawili kwa wachezaji wanne. Mwongozaji akiona mambo ni mepesi mno, yule wa kichakani arudi. Kuongeza adui katikati ya pambano ni rahisi. Kumpunguza, wachezaji wanaona.

Tano, mzoefu akae mbali na mgeni, na apewe mhusika wa kasisi, ambaye kazi yake ni kuwaponya wengine. Hapo hamu yake ya kusaidia inapata pa kwenda.

Sita, linarudia la kwanza: mgeni akikwama, mwongozaji amuulize mhusika anaona nini na anataka nini. Asimsomee orodha ya uwezo iliyo kwenye karatasi.

Saba, Klarg, jitu (bagibea) anayeongoza goblini wa pangoni, anaweza kuangusha mhusika wa ngazi ya kwanza kwa pigo moja. Aachwe aongee kwanza. Ni mwenye majivuno, anafaa kwa mazungumzo.

Nane, wazazi waelezwe mapema na kwa lugha nyepesi kwamba uchawi uliomo ni wa hadithi. Ukumbi si wetu, na wazazi wakilalamika tunaweza kuupoteza.

Tisa, suala la haki. Kanuni za msingi za toleo la 2014, pamoja na maelezo ya goblini, ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, kwa hiyo tunaweza kuzitafsiri na kuzisambaza kwa kutaja chanzo. Kisa cha Phandelver hakimo humo. Tukirekebishe mezani, tuandike kurasa zetu za mwongozo, lakini tusitoe nakala za kitabu kwa mashine wala kuuza tafsiri yake.

Kumi, msimu ujao ziendeshwe meza mbili za wageni siku moja, moja ikicheza kuviziwa kama kulivyo kitabuni na nyingine kwa marekebisho haya. Mtu asiyeongoza meza yoyote aandike kila mgeni alizungumza lini kwa mara ya kwanza bila kunong'onezwa, na wangapi walirudi kikao cha pili. Kamati ikiona pendekezo hili halifai, naomba sababu ziingizwe kwenye muhtasari wa kikao.