Wakili Akileta Bili Usiyoitarajia
Mtu ameshinda kesi ya ajali barabarani, kisha wakili anakata nusu ya fidia, akisema walikubaliana alipwe hivyo kesi ikishinda. Mapatano hayo ni batili chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, hata kama mteja, akiwa bado na plasta mguuni, alitia sahihi. Adai bili iliyoandikwa, kila kazi na bei yake. Asiporidhika, bili hupelekwa kwa naibu msajili wa Mahakama Kuu, ambaye huipitia na kuondoa kilichozidi. Fidia ikizuiliwa, Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili hupokea malalamishi bila malipo. Risiti na barua zote ziandamane naye.