Mabaka ya Paka wa Kashikishi

Hapa Kashikishi, ukingoni mwa Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, Zambia, dagaa waitwao chisense wakishaanikwa mchangani paka hawachelewi kufika. Mtazame yule mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa, na kifua cheupe. Sema ni jike. Ni nadra sana kukosea.

Siri iko kwenye kromosomu ya X. Jike anazo mbili, dume moja. Rangi ya chungwa hurithiwa kupitia X. Jike angali tumboni mwa mama yake, kila seli huzima X moja, na seli zinazotokana nayo hufuata uamuzi huo. Ndiyo maana, kwa jike mwenye chungwa kwenye X moja tu, huku panaota manyoya meusi, kule ya chungwa. Mwingereza Mary Lyon alieleza kuzimwa huko mwaka 1961, akitumia panya. Jeni ya rangi ya chungwa ilikuja kutambuliwa juzi tu: mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, na wenzao wa Stanford, Marekani, walichapisha kwamba kwa paka wa rangi hiyo kipande cha DNA cha takriban herufi 5,000 kimekatika kwenye eneo la jeni ya ARHGAP36.

Rangi ya asili ni michirizi ya paka mwitu wa Afrika, ambaye hata Zambia yupo. Na paka mweusi, ambaye wengi humhusisha na uchawi? Amerithi tu, kwa baba na kwa mama, jeni inayoficha michirizi hiyo. Tafadhali, msimpige mawe. Mwacheni awinde panya.