Frigo ya Damu na Kipima-joto Chenye Kuita



Leo tutazungumza juu ya damu inayowekwa kwenye frigo ya hospitali. Hapa Kamina munajua vizuri: malaria inamaliza damu ya watoto wetu. Tena mama anaweza kutokwa na damu nyingi akiisha kuzaa. Wengine hawaponi wasipopewa damu ya mtu mwingine.

Kuna wenye kuuliza: “Damu ilikuwa kwenye frigo, sababu gani muganga alikataa kumupa mtoto?” Ni ulizo la haki. Tusikilize jibu.

Damu iko kitu chenye uzima. Frigo yake inapashwa kuwa na baridi kati ya digri 2 na 6. Hapo, ndani ya mfuko wenye dawa ya kuilinda, inaweza kukaa mpaka siku 35. Ikipata joto, vijidudu vikiwamo vinazaana mbio, na mtoto akipewa damu ile anaweza kushikwa na homa kali na kufa. Ikiwa barafu, chembe zake nyekundu zinapasuka, nayo inaweza kuumiza figo. Na ubaya ni huu: mfuko unaweza kuonekana muzuri kwa macho, kumbe umeharibika.

Sasa, nani analinda baridi ile usiku? Pahali pengi muganga anasoma kipima-joto na kuandika hesabu kwenye karatasi. Lakini umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, asubuhi frigo inakuwa baridi tena. Karatasi haisemi mambo ya usiku.

Ndiyo maana siku hizi kuna kipima-joto kisicho na waya. Kinawekwa ndani ya frigo, karibu na mifuko. Kila mara kinapima, na kinatuma hesabu hewani, sawa vile radio. Kiko na betri yake, basi umeme ukikatika kinaendelea na kazi. Joto likipita mpaka, simu ya muganga inalia, hata kama yeye iko nyumbani. Nchini Kenya vifaa vya namna hii vimetumiwa kulinda frigo za chanjo. Kwa damu kazi ni ileile.

Lakini wamama, kipima-joto hakileti baridi. Kinaita tu. Mtu anapashwa kuamka, kuwasha mashine ya umeme, ao kuhamisha mifuko kwenye sanduku la barafu, bila barafu kugusa damu. Kama damu imekwisha kuharibika, muganga ataitupa. Kuitupa si ugumu wa roho. Anamulinda mtoto wako.

Na ninyi muko na kazi yenu:

1. Musiombe kuweka maji, samaki ao chakula kwenye frigo ya damu. Kila mara mlango unapofunguliwa, joto linaingia.

2. Damu ikitoka kwenye frigo, musiiweke juani wala karibu na moto ili ipate joto. Inapashwa kuanza kuingia mwilini mbele ya dakika 30 kupita, na kumalizika katika muda wa saa 4. Mtoto akianza kutetemeka, kupata homa ao kupumua vibaya, mwite muganga palepale.

3. Muangalie viganja vya mtoto. Kama ni vyeupe, ama anapumua mbio, mumulete leo, si kesho.

4. Muwaambie baba, wajomba na kaka waje kutoa damu mbele ya hatari kufika. Frigo yenye baridi nzuri lakini bila damu ni sanduku tupu.

Tukumbuke: kifaa kinaita, muganga anaamka, jamaa inatoa damu. Moja ikikosa, mtoto anaweza kupotea.

Mwenye ulizo ainue mkono.