Kuchora Watu Gizani: Somo la Mapango ya Amboni



Kilomita kama 8 kaskazini ya mji wa Tanga, ukiacha barabara ya Horohoro ukaelekea Kiomoni, yupo mwalimu wa uchoraji asiyelipwa na chuo chochote. Ni mwongoza wageni wa Mapango ya Amboni. Humulika ubavu wa jiwe la chokaa, akasogeza tochi kidogo, wageni wakapaza sauti: tembo! Akiishusha, tembo kayeyuka na jiwe liko palepale. Wachoraji wa kale wa Altamira, Hispania, waliijua siri hiyo: waliupaka rangi uvimbe wa dari la pango ukawa mwili wa nyati.

Hoja yangu ni fupi. Gizani, chora pale mwanga ulipomgusa mtu: ukingo wa shavu, vifundo vya mkono ulioshika tochi, bega. Basi, nyamaza. Wanafunzi wengi hawawezi kunyamaza. Humalizia sikio, jicho la pili, hadi vifungo vya shati visivyoonekana na yeyote.

Siwalaumu sana, kwani urithi wetu ni wa mchana. Michoro ya Kondoa, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imo chini ya miamba iliyo wazi, jua likiifikia. Naye Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alituachia rangi za kung'aa zisizojali kivuli. Nampenda mno, ila pangoni hanifai.

Tatizo kubwa ni jicho lenyewe. Mwanga ukififia, wekundu hutangulia kuzama. Mwanasayansi Jan Purkyně alilieleza jambo hili karne ya 19. Karibu na mdomo wa pango, jioni, kanga nyekundu huonekana nyeusi ilhali ya bluu bado inasomeka. Washa tochi yenye mwanga wa manjano, mambo yanageuka: wekundu unafufuka, bluu inakufa, na manjano uliyopaka karatasini huioni kabisa. Kwa hiyo usichanganye rangi mle ndani. Keti kwanza, kwani jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea. Tumia mkaa na karatasi ya kahawia, majina ya rangi yaandike pembeni, upakaji uufanye nje. Na weusi wa kwenye kopo uache. Kahawia iliyokolea ukiichanganya na bluu nzito, ukaipaka tabaka jembamba juu ya jingine, hutoa giza lenye kina.

Limebaki suala la mzimu, mahali pa tambiko mle pangoni. Watu huja pale kuomba na kuacha sadaka, na wanafunzi huniuliza kama wanaweza kuwachora. Ruhusa ni ya waombaji wenyewe. Hata wakiitoa, usimmulike mtu usoni. Mgongo ulioinama na nuru kidogo kwenye nyayo vinatosha kuonyesha anachofanya. Sura yake picha haiihitaji.